Glasgow Green siku ya zumari: mtazame mwenye fimbo

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na foleni ya chakula na mvua isiyo na pa kujibanza, na nitafika huko. Lakini kama uko Uingereza mwezi wa nane, au una ndugu Uskoti anayekualika kila mwaka nawe unamjibu "inshallah" ya kukwepa, mwaka huu muulize tarehe.

Ninachokikagua ni siku kutwa ndani ya bustani ya Glasgow Green wakati wa Mashindano ya Dunia ya Bendi za Zumari. Zumari zenyewe ni zile za mfuko, zinazobanwa kwapani. Msimamizi ni chama cha bendi za zumari cha Uskoti, kilichoundwa mwaka 1930, na tangu 2013 mashindano yamekuwa ya siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, katikati ya Agosti. Huja bendi karibu 200: za miji na vijiji vya Uskoti, za Ireland Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, za Kanada, Marekani, Australia, New Zealand, na kila ukitembea hatua chache utaona bango la mahali ambapo hukudhani pana mtu mwenye kilti, ile sketi ya Kiskoti ya mirabaraba.

Niseme mapema kwamba nina upendeleo. Mimi nilikuwa mbeba fimbo. Bendi ya shule, Mombasa, miaka ya themanini: tarumbeta zenye kutu, ngoma kubwa iliyoshonwa upande mmoja, na mbele yao mimi na fimbo niliyochongewa na seremala wa Majengo, kichwa chake kikiwa tufe la shaba lililotolewa kwenye kitanda cha kale cha besera. Sikukuu za taifa tulikwenda nayo mpaka uwanja wa Tononoka, jua la utosi, mwalimu akinong'ona kutoka pembeni "kifua, kifua!" Kwa hiyo wengine wakienda Glasgow Green kusikiliza zumari, mimi huenda kumtazama dramu meja, yaani mbeba fimbo anayetembea mbele ya bendi. Na maoni yangu, ambayo nimeyapima kwa kusimama sana kwenye majani mabichi, ni kwamba wengi wanaolipa kiingilio wanakodoa macho upande usio wenyewe.

Kufika ni rahisi. Ukishuka kituo cha Argyle Street au treni ya chini ya ardhi pale St Enoch, ni mwendo wa miguu usiozidi robo saa, na hutahitaji kuuliza njia, wafuate wenye soksi za sufu. Njoo saa tatu asubuhi. Mnara wa Nelson, uliosimamishwa mwaka 1806, ndio alama ya kupatania mkipoteana, kwa sababu simu siku hiyo husikii kitu. Upande wa mashariki utaona jengo la matofali ya rangirangi lililojengwa kuiga kasri la Venice. Lilikuwa kiwanda cha mazulia cha Templeton. Mpwa wangu aliyekuja kututembelea kutoka Maskati alilipiga picha nyingi kuliko bendi zote. Tiketi nunua mtandaoni mapema, na viti vya jukwaani pembeni ya uwanja mkuu huuzwa mbali na kiingilio cha kawaida. Mimi sivinunui. Sababu nitaieleza.

Tuanze na kile kinachojaza watu. Bendi zimepangwa kwa madaraja, kutoka la nne hadi la kwanza, na watoto na vijana wana yao. Daraja la kwanza ndiko waliko wakubwa. Bendi inaanza kutembea kwenye mstari, ngoma zinapiga mivurumo miwili ya hatua tatu tatu, zumari zote zinashika sauti kwa mpigo mmoja, na hapo tayari waamuzi wameshaanza kuandika, maana zumari moja ikichelewa hata kwa nusu pumzi inasikika uwanja mzima. Wanatembea mpaka kwenye duara, wanalifunga, nyuso ndani. Yaani wewe uliyelipa unaonyeshwa migongo. Waamuzi kwa kawaida ni wanne: wawili wa zumari, mmoja wa ngoma, mmoja wa mlingano wa bendi nzima, nao huzunguka kwa nje wakiwa na karatasi zao. Kila mmoja huzipanga bendi kwa nafasi, nafasi zikajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Daraja la kwanza hupiga seti mbili. Moja ina machi, strathspey na reel, miondoko mitatu ya Kiskoti inayofuatana bila kupumzika. Nyingine ni mchanganyiko wa nyimbo walizozichagua na kuzipanga wenyewe, wa dakika tano hadi saba.

Sauti? Sauti sina neno. Aliyezoea mpigaji mmoja wa barabarani, yule wa watalii anayekazana na wimbo uleule, hajasikia zumari. Bendi nzuri ikilingana, zumari zaidi ya ishirini huwa moja, na chini yake ile mivumo ya mabomba ya begani inakaa bila kutetereka. Kila chombo kina noti tisa tu, na hakina pa kupunguzia sauti. Ukali wote, ulaini wote, unatafutwa kwa vidole na kwa ngoma. Ngoma ndizo zilizomteka mpwa wangu: ngoma za waya zilizokazwa mpaka zinalia kikavu, na wale wa ngoma za kati wanaozungusha virungu vyao hewani kwa kamba huku wakipiga. Kama ulikulia pwani ukalala kwa sauti ya chapuo na msondo, masikio yako yatajua mara moja nani anafuata na nani anaongoza.

Majina ya bendi za kutegea sikio ni Field Marshal Montgomery wa Ireland Kaskazini, ambao wamechukua taji hili mara nyingi mpaka watu wamechoka kuhesabu; Inveraray & District, waliolibeba 2017, 2019 na 2024; na Boghall & Bathgate, waliolipata 2023. Mwaka 2010 lilikwenda Dublin kwa St Laurence O'Toole. Wazee wa hapa bado wanausimulia mwaka 1987, bendi ya Kanada, 78th Fraser Highlanders, ilipokuwa ya kwanza kutoka ng'ambo kulichukua. Ukitaka kumfurahisha mzee wa Kiskoti aliyeketi peke yake na chupa ya chai, mtajie mwaka huo kisha kaa chini usikilize.

Sasa kwa nini sinunui kiti cha jukwaani. Bendi kabla ya kuingia uwanjani hulinganisha sauti nje, chini ya miti, na hapo hakuna uzio. Unasimama umbali wa mkono mmoja na mabingwa wa dunia. Unamwona mkuu wa zumari akipita kwa kila mtu na kifaa chake, akigusa bomba hili, akiteremsha lile unywele mmoja, akisikiliza, akikunja uso. Unaona mtu mzima mwenye ndevu anatetemeka mikono. Kwa tiketi ileile ya kawaida! Jukwaani utaona migongo.

Katika hayo yote niliyoeleza, dramu meja hana alama hata moja. Bendi ikiwa inashindana huamrishwa na mkuu wa zumari, ambaye naye anapiga pamoja na wenzake. Mwenye fimbo, yule ambaye kwenye kila kalenda ya Uskoti yuko mbele na kofia lake, uwanjani hesabu haimtaji. Ana shindano lake mwenyewe, uwanja wake mwenyewe, ratiba yake mwenyewe, na ndiko ninakokuomba uende.

Fika pale dakika chache kabla. Kuna vikundi vya umri, kuanzia vitoto vya shule ya msingi mpaka watu wazima. Kwanza wanakaguliwa mavazi. Mwamuzi anazunguka mmoja mmoja, taratibu, haongei. Kofia refu la manyoya meusi ya mbuni. Koti lenye vifungo vinavyong'aa. Shuka ya begani imekunjwa sawasawa, kilti imekaa mistari yake, kibeti cha manyoya ya farasi kinaning'inia katikati kabisa wala si upande, vifuniko vyeupe juu ya viatu, glavu. Kifuani umepita mshipi mpana uliotariziwa jina la bendi, na juu yake vimechomekwa vijiti viwili vidogo vya ngoma, vya pambo tu. Mwamuzi anainama kuangalia visigino. Nimewahi kukaguliwa hivyo na mwalimu wa gwaride na bado mgongo hunikakamaa nikiona mtu akiinama nyuma ya mwenziwe.

Halafu wanatembea. Bendi moja inawapigia, nao wanakwenda wachache kwa pamoja, kila mmoja kwenye njia yake, wanaelekea mbele, wanageuka, wanarudi. Na hapa ndipo mtazamaji mgeni hukosea, kwa sababu anangojea fimbo irushwe. Usingoje fimbo. Tazama miguu. Tazama kama hatua ya kumi ina urefu uleule wa hatua ya kwanza, kama bega linashuka anapogeuka, kama kidevu kinafuata fimbo. Dramu meja anayejua kazi haangalii fimbo. Kazi yake ni kuongoza watu walio nyuma yake, ambao hawamwoni uso. Wanaona mgongo na fimbo tu. Kwa fimbo ndiyo huambiwa anza, geuka, punguza hatua, nyamaza. Kwa hiyo mgongo wake lazima useme, na fimbo isiseme uongo. Nasema hivi kwa sababu siku moja pale Tononoka nilimwona mwenzangu wa shule nyingine akiinua fimbo kufukuza nyuki, na bendi yake yote ikakata wimbo mbele ya mkuu wa mkoa.

Baada ya hapo, ndiyo, fimbo inacheza. Inazunguka kwenye vidole, inapita nyuma ya shingo, inahama mkono wa kulia kwenda wa kushoto bila kuonekana ilipohamia, inarushwa juu kupita vilele vya makofia, inazunguka hewani mara mbili tatu, inashuka, inadakwa palepale kwenye mpigo wa ngoma kubwa. Ikianguka, kila mtu kaona, na kalamu ya mwamuzi inatembea. Safari hii palikuwa na binti mdogo, kofia lake karibu nusu ya kimo chake, aliyeidaka nyuma ya mgongo akaendelea kutembea uso mkavu kabisa. Watazamaji tulikuwa wachache pale, wengi wetu wazazi, bibi na babu. Uwanja mkuu ulikuwa umefurika. Mpwa wangu alinigeukia: "Mjomba, mbona watu wote wako kule?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Nilizungumza na mama wa mshindani mmoja kutoka Ireland Kaskazini, upande wenye madramu meja wakali kuliko wote. Wasichana kwa wavulana wanalelewa kwenye fimbo tangu wadogo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, miguu yake iko juu ya sanduku la kofia. Tangu mwezi wa tano, alisema, hawana wikiendi. Mashindano makubwa ni matano kwa mwaka, ya Britania, ya Ufalme wa Muungano, ya Ulaya, ya Uskoti na haya ya Dunia, na kila moja lina mji wake, ukiacha madogo ya kwao nyumbani. Wanapanda feri kwenda bandari ya Cairnryan, Uskoti, kisha barabara ya pwani mpaka Glasgow. Gari dogo. "Kofia lina sanduku lake, fimbo ina mfuko wake, kilti ina hanga lake," alisema, "mwanangu ndiye hana pa kukaa." Wanaotoka Amerika na Australia hali ni ngumu zaidi: fimbo haipandi nawe ndani ya ndege, inakwenda na mizigo, na kofia la manyoya ya mbuni ukilibana kwenye kabati la juu ya kichwa, ukifika umebeba kuku aliyelowa. Wapo wenye fimbo zinazofunguka vipande viwili kwa skrubu. Mama yule hazipendi. Anasema uzito wake hausemi kweli mkononi.

Hapa naomba niwapeleke kando kidogo.

Wanaodhani mambo haya ya Waskoti hayatuhusu hawajasikiliza wazee wa Mombasa. Enzi za ngoma ya beni, mwanzoni mwa karne iliyopita, pwani yote ilikuwa na vyama vilivyoshindana kwa gwaride, tarumbeta na mavazi ya kijeshi. Tanganyika walikuwa Marini na Arinoti. Mombasa walikuwa Kingi na Skochi. Kingi walijifananisha na jeshi la mfalme, Skochi wakaiga bendi za Waskoti. Babu yangu alikuwa Kingi damu, na mpaka uzeeni akimwona mtu amejikwatua kupita kiasi alikuwa akisema, "Huyo kwao Skochi." Waliandaa karamu, wakashona sare, wakatumia pesa ambazo hawakuwa nazo, wote kwa ajili ya kumwaibisha jirani. Mwamuzi alikuwa mtaa. Hakuna karatasi, hakuna nafasi za kujumlisha. Kesho yake ukienda sokoni unajua nani kashinda. Nikisimama Glasgow Green nikaona bendi mbili zinapishana kwenye njia nyembamba na kila mwenye fimbo anajitia hakumwona mwenziwe, wallahi naona mitaa ya nyumbani.

Na Maskati je? Mpwa wangu hakushangazwa na zumari hata kidogo. Sultani Qaboos alisoma chuo cha kijeshi cha Sandhurst, kisha akatumikia Ujerumani na kikosi cha Kiskoti, Cameronians, na alipokuwa mtawala zumari zikatia mizizi katika majeshi ya Oman. "Kwetu wanapiga wakiwa juu ya ngamia," alisema kwa sauti ya mtu anayeona wenyeji wa Glasgow hawajajitahidi.

Turudi kwenye ukaguzi. Mabanda ya biashara yanastahili saa nzima. Kuna wauza matete, wauza ngozi za ngoma, mafundi wa kilti, na watengenezaji wa zumari wenye seti zao juu ya vitambaa vya mahameli. Simama hapo. Ule mti mweusi unaong'aa ni mpingo, mti wa taifa la Tanzania, unaotoka Lindi, Kilwa, Mtwara na kwa majirani zetu wa Msumbiji. Tangu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ndio mti unaopendwa na mafundi wa zumari, kwa sababu ni mzito, mgumu, haupindwi na unyevu wa pumzi, na ukikerezwa huacha tundu laini kama kioo. Mpingo unahitaji miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kukatwa. Seti mpya inaanzia zaidi ya pauni 1,000 na ikivishwa fedha bei inapaa. Za plastiki ni nafuu na wanaoanza wengi hupigia hizo. Muuzaji mmoja, kijana muungwana, alinipa bomba nishike. Nilimwuliza kama anajua mti umetoka wapi. "Tanzania," alijibu bila kufikiri, na akaongeza kwamba vijiji vya Kilwa huuza magogo yenye cheti cha msitu unaotunzwa. Nilikwenda pale nikiwa na hotuba, nikarudi nayo mfukoni. Alama kamili kwa banda lile.

Nikamwuliza pia kuhusu safari za wapigaji. Tangu 2017 jamii nzima ya mpingo iko chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa ya viumbe, ila tangu mwisho wa 2019 ala za muziki zilizokamilika zimesamehewa vibali. Kinachotia watu jasho mipakani ni zumari za zamani zenye pete za pembe za ndovu. Ukinunua ya mtumba, uliza pete ni za nini.

Sasa chakula. Mabanda ni mengi, foleni ndefu, na mwenye kula halali atabaki na chipsi, na hata chipsi uliza zimekaangwa kwa mafuta gani, maana huku mafuta ya ng'ombe hutumika. Banda moja lisilo na haja ya kutajwa liliniuzia chai ya maji ya uvuguvugu kwa bei ya biriani. Dawa ni kutoka nayo nyumbani. Sisi tulipita Albert Drive, Pollokshields, tukanunua sambusa, na mke wangu alikuwa ameandaa mahamri na chupa ya chai ya tangawizi. Tukaketi chini ya mti na bendi ya wazee kutoka kisiwa kimoja cha magharibi, ambao walianza kwa kukataa kwa heshima na wakamaliza mahamri yote.

Mvua ni lazima. Agosti ya Glasgow ina jua, mvua, upepo na jua tena kabla ya adhuhuri, na bustani haina paa. Bendi hazisimami kwa mvua. Ndipo utakapomheshimu dramu meja, kwa kuwa kofia lile likinywa maji huwa zito na haliruhusiwi kuegemea popote. Njoo na koti la mvua, acha mwavuli, utamchoma mtu jicho. Viatu vya kufunga, si makubadhi.

Kwa wanaosali: Msikiti Mkuu wa Glasgow uko ng'ambo ya mto Clyde, upande wa Gorbals. Unavuka Albert Bridge, dakika kumi kwa miguu. Siku ya Ijumaa nilikwenda swala ya jamaa mchana nikarudi mchujo ukiendelea. Kabla ya kutoka, uliza mlangoni utaratibu wa kurudi ndani, na tiketi usiitupe.

Kama una siku za ziada, wiki inayotangulia kuna tamasha la Piping Live!, lililoanza mwaka 2004, na mjini kati kila kona ina mpigaji. Kituo cha Taifa cha Zumari kiko McPhater Street, ndani ya lililokuwa kanisa, na kina makumbusho madogo. Nusu saa inatosha. Wanayo zumari ya vidole ya Iain Dall MacKay, mpigaji kipofu, yenye zaidi ya miaka mia tatu. Haikuwekewa mbwembwe, kioo tu na taa.

Jambo moja usiondoke bila kuliona ni kutoa matokeo. Wengi huchoka wakaondoka saa kumi. Subiri. Jioni bendi zote zinaingia uwanja mkuu kwa gwaride, na shughuli ni ndefu, tena ndefu kwelikweli, miguu itakuuma. Lakini hapo ndipo mwenye fimbo anarudishiwa heshima yake. Kila bendi inasimama nyuma, dramu meja mbele peke yake. Matokeo yanatangazwa kutoka madaraja ya chini kupanda juu, na jina la bendi likitajwa, yeye ndiye anayepiga saluti kwa niaba ya wote. Nyuma yake watu wanaruka, wanakumbatiana, wanalia, kofia zinapaa. Yeye haruhusiwi kuruka. Anapiga saluti, mkono unashuka, uso palepale. Nilimtazama mmoja ambaye bendi yake ilikuwa imeshinda daraja lao. Shavu lilikuwa likimcheza chini ya ukanda wa kofia, mguu haukusogea hata inchi moja. Tafuta nafasi pembeni, karibu na kamba, si jukwaani, ili uwaone kwa ubavu.

Kwa familia yenye watoto wadogo, au mtu asiyependa umati, ningemshauri aiache Glasgow aende Dunoon mwishoni mwa Agosti, kwenye mkutano wa michezo wa Cowal. Treni kutoka Glasgow Central mpaka Gourock, kisha feri ya kuvuka Clyde, ambayo peke yake inatosha kuwa matembezi. Siku ya mwisho bendi zinateremka Argyll Street kwa pamoja, barabara ni nyembamba, na madramu meja wanapita karibu sana hivi kwamba ukisimama kwenye ukingo utasikia minyororo ya fimbo ikigonga mti. Wahi kupata nafasi upande wa maduka, jua likiwepo halitakupiga machoni. Feri za kurudi hujaa mapema.